Mgongo wa Bibi na Wageni wa Jumatano

Watu wa Ibra, huku kwetu Oman, wakikwambieni kwamba msichana wa nyumba yetu alimvunjia heshima mgeni mkubwa, mpaka mgeni akaweka kikombe chini na kahawa yake imo, wakubalieni. Ni kweli. Msichana mwenyewe ni mimi. Ila waulizeni kwa nini, muone watakavyotazamana.

Bibi yangu, mama yake Baba, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Spitali walimtia vyuma wakamrudisha nyumbani, lakini miguu ikakataa kumbeba, akawa mtu wa kitandani. Mwembamba alikuwa tangu zamani, na kule alipungua tena, ukimshika kiunoni unashika mifupa. Siku aliyorudi alituita sote chumbani kwake. Bibi ana Kiswahili cha Unguja mjini, kile cha zamani, mimi nusu yake nakikimbilia kwa nyuma. Lakini siku ile nilimfahamu neno kwa neno.

"Nshalala kule siku chungu nzima, naangaliwa kama saa ya ukutani. Msinirudishe. Nikipona nipone hapa, nikifa nife hapa. Mmenisikia?"

Tukasema tumesikia.

Mama alikuwa na kazi ya serikali Nizwa, anarudi Alhamisi jioni. Baba yuko dukani kwake, anauza mabomba na rangi. Mwenye nyumba hasa ni Shangazi, dada mkubwa wa Baba, mjane, mwanamke ambaye akiingia jikoni hata birika linajikaza. Halafu niko mimi. Nilimaliza shule kwa alama za kuchekesha. Ndoto yangu ni kuongoza wageni Ras al Jinz, niwaonyeshe watu kasa anavyopanda ufukweni kutaga. Nimeomba kazi mara mbili, na mara ya pili hawakunijibu hata la. Si neno, nitaomba ya tatu. Ila mwaka ule nilikuwa bure, kwa hiyo Bibi akawa wangu.

Siku moja namwogesha, nikaona doa jekundu pale mgongo unapomalizikia, juu ya kifandugu. Dogo, kama ukucha wa kidole gumba. Nikamwita Shangazi.

"Damu imelala hapo," akasema. "Isugue iamke."

Akanipashia moto mafuta ya simsim. Nikasugua, wallahi nilisugua kwa mapenzi yangu yote, asubuhi na jioni, huku namwimbia. Doa likazidi. Nikadhani mkono wangu ni mwepesi mno, nikakaza. Siku ya tano ngozi ikanibakia mkononi, kipande chembamba kama ganda la kitunguu, kimenata kwenye vidole vyangu. Bibi hakupiga kelele. Alivuta pumzi kwa meno, basi.

Hilo ni langu. Simsukumii mtu.

Shangazi akaja na dawa ya pili. Alizungusha kanga mbili akafanya kata, kama ile wanayotia kichwani wanaobeba ndoo, ila kubwa, akamwekea Bibi chini ya makalio ili kidonda kikae ndani ya tundu kisiguse kitu. Ukitazama kwa macho ilikuwa akili kubwa. Nikamwambia Shangazi hongera.

Baada ya siku nne kidonda kilikuwa kama tende, na Baba akaenda kituo cha afya akaleta nesi. Mwanamke wa makamo, Kiarabu chake cha haraka, mkoba wake mzito. Alifunua shuka, akainama kutazama. Halafu akaivuta ile kata, akaitupa chini.

"Nani kaweka hii?"

Shangazi akatazama dirishani. Nesi hakungoja jibu. Akaniambia, "Niletee glasi." Nikaleta. "Bonyeza kidole hapo nje, utazame kwa upande wa ndani."

Nikabonyeza. Ncha ya kidole ikawa nyeupe.

"Damu imekwenda wapi?"

"Imekimbia."

"Basi nyama ya bibi yako imebanwa kati ya mfupa na godoro kama kidole chako na glasi. Wewe ukichoka unaondoa kidole. Yeye hawezi. Nyama ikikaa saa nyingi bila damu inakufa, na mara nyingi inaanza kufa ndani, karibu na mfupa, kabla hujaona kitu juu. Hii kata yenu inamkaba damu duara zima."

"Na kusugua?" nikauliza, sauti yangu ndogo.

"Ngozi imeshaumia ndani, ukiisugua unaimalizia kuipasua. Nani kasugua?"

"Mimi."

Alinitazama sana. "Wengi wanasugua," akasema. "Sasa acha."

Akauliza tunamkalishaje. Shangazi, aliyekuwa amenuna, akapata la kujisifia: tunampandisha kitanda upande wa kichwa, anakaa kama malkia. Nesi akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba mtu akiinuliwa mgongo kitandani huteleza kidogo kidogo bila kujijua. Mfupa unashuka, ngozi inabaki imenata kwenye shuka, na katikati nyama inavutwa huku na kule kama kitambaa kinachochanwa. Halafu sisi tunakuja tunamshika makwapa, tunamburura kumrudisha juu, na huko kumburura ni kumkwangua upya.

Akatupa amri. Bibi ageuzwe kila saa mbili, ubavu huu, kisha ubavu huu, mto nyuma ya mgongo, asilalie nyonga moja kwa moja. Mto mwingine chini ya miguu, visigino vielee. Kumsogeza ni kumnyanyua na shuka, watu wawili, si kumburura. Kichwa kipandishwe wakati wa kula, kisha kishushwe. Awe mkavu. Ale mayai, samaki, anywe laban, yale maziwa ya mtindi.

"Nitakuja kila Jumatatu," akasema. "Kikifika mfupani hakuna habari ya nyumbani tena. Nitamwandikia spitali mimi mwenyewe."

Bibi alikuwa kalala ubavu, uso ukutani, tunadhani yuko usingizini. Nikaona mkono wake umekamata pindo la shuka.

Basi nikaanza. Simu yangu nikaitegea mlio wa jogoo kila saa mbili. Baba akachukua zamu za usiku, bila kuombwa. Na kila asubuhi nilikipiga kidonda picha ili nesi aone, baada ya Bibi kuniruhusu kwa sharti kwamba nisimpige uso, maana hajapaka wanja.

Mambo yangekwenda. Lakini tulikuwa na Jumatano.

Jumatano Ibra ni soko la wanawake. Wanakuja kutoka vijijini na mikoba yao, wananunua vitambaa, udi, vyombo, na wakimaliza, kabla ya adhuhuri, wanapita kuwatazama wagonjwa. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Nyumba yenye mgonjwa na haina wageni, watu wanauliza imefanya nini. Na mgonjwa mwenye watu wake hapokei wageni kalala. Kwa hiyo kila Jumatano Shangazi alimvika Bibi kanga mpya, akamfukiza udi, akatandika shuka la hariri lililotoka sandukuni, akapandisha kitanda mpaka Bibi anakaa wima. Saa tatu mpaka adhana. Akiteleza, mimi na Shangazi tunamshika makwapa, "Bismillahi, juu!" na wageni wanasema mashaallah, kanawiri.

Nilikuwa miongoni mwa waliomvuta, msinisahau.

Alhamisi moja nimekaa jikoni, napanga zile picha kwenye simu. Jumapili kidonda kimetulia. Jumanne pembeni panageuka waridi, kama kinataka kupona. Alhamisi kimefunguka na chini yake pana njano. Nikarudi wiki ya nyuma yake, ikawa vivyo hivyo. Nikarudi nyingine. Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi. Hapo sikuhitaji alama za shule.

Shangazi alikuwa anachambua mchele.

"Shangazi, kidonda hiki kinalishwa na Jumatano."

"Wageni wangu waache."

"Anakalishwa saa tatu nzima juu ya hariri. Hariri inateleza kama samli."

"Unataka alalie gunia? Watu waseme mama yetu tumemtupa?"

"Waseme."

Akasimamisha mkono ndani ya sinia. "Lo! Waseme! Jina la nyumba hii hukulijenga wewe, ndiyo maana unaligawa bure."

"Na nesi akimwandikia spitali? Uliahidi, Shangazi. Sote tuliahidi."

"Mungu hataki," akasema, akarudi kwenye mchele wake. Kwake yeye mjadala ulikuwa umekwisha. Kwangu mimi ndiyo ulikuwa unaanza.

Jumatano iliyofuata alikuja mgeni mkubwa. Mumewe ndiye mkubwa wa kabila letu hapa, lakini kwa Bibi alikuwa zaidi ya hapo. Walikuwa wasichana pamoja Unguja, walisoma chuo kimoja cha Kurani, walikuja Oman mwaka mmoja. Akiingia yeye, wanawake wote wanasimama, na hakai mpaka akaonyeshwa mahali.

Nilikuwa nimeshapatana na Shangazi, au nilidhani hivyo: kitanda kipande kidogo tu, nusu saa, na hariri irudi sandukuni. Nusu saa ikaisha, nikakishusha. Shangazi akakipandisha alipomwona mgeni mlangoni. Chumba kilijaa, wanawake wapatao kumi na tano juu ya zulia, tende, halua, birika la kahawa linazunguka.

"Sabalkheri, mwenzangu," mgeni akamwambia Bibi. "Mashaallah, uso umejaa."

"Uso ndio uliosalia," Bibi akasema. "Huko chini usiulize, kuna ukarabati."

Wakacheka. Mgeni akaanza kusimulia harusi ya Sur, mji wa pwani, mtaa wa Aija, bwana harusi alivyozimia kwa joto. Bibi anacheka, na kila akicheka namwona anashuka. Kidogo. Kidogo tena. Kidevu kinakaribia kifua. Nikaona mdomo wake unajibana pembeni, vile anavyofanya anapoumwa na hataki kusema.

Jogoo akawika mfukoni mwangu.

"Jogoo saa hizi?" mwanamke mmoja akasema. "Huyo kalala kwa mjomba wake, kachelewa kuamka!"

Chumba kizima kikacheka. Nikasimama. "Samahanini, mabibi. Ni wakati wa Bibi kugeuka."

"Baadaye," Shangazi akasema kwa meno.

"Sasa hivi, Shangazi."

Kitanda kilikuwa kimesogezwa ukutani, na zamu iliyotangulia Bibi alikuwa kalalia ubavu wa kutazama chumba. Sasa zamu ilikuwa ya ukutani. Kila mtu akaona maana yake. Mgeni akaona wa kwanza.

"We mtoto, unanipa mgongo wa mwenzangu, na mimi nimeshika kikombe?"

Nikamwambia, "Shikamoo, bibi. Samahani sana. Lakini ndiyo."

Nikashusha kitanda. Nikashika shuka upande wangu na kungoja mtu wa pili. Shangazi hakusogea. Nikatazama chumba, wote wakatazama tende. Mtu mmoja hawezi kumnyanyua, akijaribu atamburura, na kumburura nilikwisha apa sitamburura tena. Nikasimama pale na shuka mkononi, kama mtu anayengoja basi.

Pembeni, karibu na mlango, alikuwepo mwanamke wa kijijini, muuza bukhuri za kufukizia, nilikuwa simjui hata mlango wa kwao. Akameza kahawa yake yote, akatikisa kikombe kuonyesha inatosha, akaja.

"Nishike wapi?"

"Pindo lote, ulikunje mpaka karibu na mwili. Tunanyanyua, hatuvuti."

"Kwa idhini yako, mama," akamwambia Bibi. Tukamnyanyua. Alikuwa mwepesi kama mto. Tukamlaza ubavu, nikamwekea mito yake, nikaingiza mkono chini ya visigino kuhakikisha havigusi. Halafu Bibi, uso ukutani:

"Haya, semeni, nasikia. Wengine wenu nakupendeni zaidi nikiwa sikuoneni."

Walicheka, baadhi yao. Mgeni hakucheka. Aliweka kikombe chini, kimejaa. Kwetu kikombe kikiwekwa chini na kahawa yake, mgeni anadai kitu na hatakunywa mpaka apewe. Akasimama, akajifunga vizuri shela lake, akaondoka. Shangazi alimkimbilia mpaka kwenye gari bila viatu.

Alichokuwa anadai kilikuja jioni kwa simu: niende kwake niombe radhi, na Jumatano ijayo Bibi ampokee kama anavyopokewa mtu.

Shangazi hakusema nami. Baba ndiye aliyekuja, akakaa kwenye ngazi ya jikoni karibu yangu. Baba ni mtu laini, hata wateja wanamkopa macho makavu.

"Mwanangu, nenda useme neno moja, liishe."

"Neno gani, Baba?"

"Samahani."

"Samahani nimesema, mbele ya watu kumi na tano. Anachotaka ni Jumatano. Jumatano sina ya kumpa."

"Yule ni mtu mkubwa, habibti."

"Na Bibi je?"

Nikamtolea simu. Akageuza uso, kama nilivyojua atafanya. Mwezi mzima alikuwa anamgeuza mama yake gizani na hajawahi kukitazama kile kidonda.

"Tazama, Baba. Mimi nakitazama kila siku."

Akatazama. Nikampitisha Alhamisi zote, moja moja. Akashika paji la uso. Nikamwambia, "Alhamisi ya kesho sijui itakuwaje. Lakini safari hii alikaa wima muda mdogo, si saa tatu. Kikizidi kesho, nitakwenda kwa mgeni kwa magoti. Kisipozidi, siendi, hata unifukuze nyumba."

Maneno makubwa hayo.

Alhamisi kidonda kilikuwa kama cha Jumanne. Hakikupona, lakini hakikufunguka. Ilikuwa mara ya kwanza. Baba akasema tungoje Jumatatu, tumsikie mwenye elimu yake.

Jumatatu nesi akakipima kwa karatasi yake yenye mistari, akasafisha, akainama karibu kabisa. Shangazi yuko mlangoni, Baba yuko nyuma ya Shangazi.

"Hakikuongezeka," nesi akasema. "Chini pamekuwa pekundu. Hii ni nyama nzuri, inakuja. Mmefanya nini wiki hii?"

"Tumegombana," Bibi akasema.

Baba alipita katikati yetu, akashika kitanda, akakivuta mpaka katikati ya chumba, peke yake, na mama yake juu yake. "Sasa kina pande mbili," akasema. "Anayetaka uso atazunguka." Na ya kuomba radhi hayakutajwa tena.

Msidhani ilikuwa rahisi. Wiki mbili zile wageni walipungua, na Shangazi alikaa na birika lake limejaa, nikamwonea huruma kweli. Nilimpenda wakati wote ule, niseme hivyo. Lakini sikumpa saa hata moja. Akija mtu anataka Bibi akalishwe, namwambia hapana. Akisema dakika tano, namwambia hapana. Mmoja akaniuliza nimesomea wapi, nikamwambia kwenye glasi ya maji. Yule muuza bukhuri alikuja kila Jumatano, akiweka mkoba tu anauliza, "Saa ngapi zamu?" Taratibu wengine wakazoea, wakawa wanahama na vikombe vyao upande wa pili wa kitanda jogoo akiwika, huku wanalalamika.

Nami nikimgeuza Bibi nilimpigia hadithi za kasa.

"Kasa anajiburura ufuo mzima, tumbo mchangani," akaniambia siku moja. "Mbona yeye hachubuki?"

"Ana ngao, Bibi."

"Basi hao wanokunyima kazi waambie wakupe moja uniletee."

Tulianza wakati wa baridi. Kilifunga wakati wa tende mbichi. Nesi alipapasa ile ngozi mpya, inang'aa, nyembamba, akasema hii haitakuwa na nguvu kama ya kwanza maisha yake yote, kwa hiyo kugeuzwa hakuna kuacha. Nikamwambia nani kasema naacha? Barua ya spitali haikuandikwa. Shangazi anawaambia wageni kwamba ni mafuta yake ya simsim. Kila akisema, hata mbele ya nani, namjibu, "Si mafuta, Shangazi." Ananiambia nyamaza. Namwambia, "Si mafuta." Mpaka leo tuko hapo hapo, na hakuna atakayechoka kwanza.

Mgeni mkubwa hajarudi. Sitakuficheni, hilo Bibi lilimuuma. Miaka yote ile, chuo kimoja, nchi mbili. Alimpelekea salamu, zikarudi salamu kavu. Mara nyingine anauliza gari gani hiyo iliyosimama nje, na namwambia ni ya jirani.

Juzi nikamuuliza. Nilikuwa nimekunja shuka, namngoja Shangazi aje ashike upande wa pili.

"Bibi, unanilaumu kwa yule mwenzio?"

Akafikiri. Bibi akifikiri anatafuna kitu ambacho hakimo mdomoni.

"Yule ana kwake pa kurudi," akasema. "Mie ngozi hii nikiipoteza, ntakwenda kukaa wapi?"

Shangazi akaingia, mikono bado ina unga, akaifuta, akashika pindo. "Mnasema nini nyinyi?"

"Twakusengenya," Bibi akamwambia. "Nyanyueni."